UCHAMBUZI WA FASIHI: Hisia na maana katika ushairi wa kisasa wa wanawake wa Kiajemi

MSOMAJI wa Kiswahili akikutana na neno ‘yeye’ katika shairi la mapenzi, neno hilo halimwambii iwapo anayependwa ni mume au mke. Ndivyo ilivyo pia katika Kiajemi, lugha ambayo wenyewe huiita Farsi. Kiwakilishi chake cha nafsi ya tatu umoja, ‘u’, humrejelea mwanamume na mwanamke sawasawa, na vitenzi havibadiliki kwa kufuata jinsia.

Kwa karne nyingi, sehemu kubwa ya ushairi uliohifadhiwa katika lugha hiyo ilitungwa na wanaume. Kwa hivyo wasomaji walizoea kuichukua sauti ya ‘mimi’ kuwa ya mwanamume, hata pale ambapo sarufi haikusema hivyo. Mwanamke aliyetaka nafsineni ya shairi lake itambulike kuwa ni mwanamke hakuwa na kiambishi wala kiwakilishi cha kumsaidia. Ilimlazimu aijenge kwa vitu: kioo, pete, sindano, dirisha na bustani ya uani.

Makala haya yanaangazia jinsi washairi wanawake wa Kiajemi walivyovitumia vitu hivyo kuibua hisia na kuunda maana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na gharama waliyoilipa kwa kufanya hivyo.

Upeo wa mada

Kiajemi huzungumzwa hasa nchini Iran, Afghanistan, ambako huitwa Dari, na Tajikistan, ambako huitwa Kitajiki. Ushairi wa Kiajemi basi si mali ya Iran pekee, na tutaona kwamba baadhi ya mashairi mazito zaidi ya wanawake yalitungwa Herat, magharibi mwa Afghanistan.

Tunapotaja ushairi wa kifeministi hapa, tunamaanisha mashairi yanayoitazama dunia kwa jicho la mwanamke na kuhoji nafasi aliyopewa katika nyumba, sheria na dola. Baadhi ya washairi hawa walishiriki waziwazi katika harakati za kudai haki. Wengine walitunga kabla ya neno hilo kuenea katika lugha yao.

Ghazali na mpenzi asiyesema

Utanzu uliotawala ushairi wa mapenzi wa Kiajemi ni ghazali. Hili ni shairi fupi lenye beti za mikato miwili, kina kimoja kinachorudiwa hadi mwisho, na mara nyingi neno au kifungu kinachorejea baada ya kina katika kila ubeti. Sa’di katika karne ya 13 na Hafez katika karne ya 14 waliufikisha utanzu huo kileleni. Mizani yake hufuata kanuni za arudhi zilizotokana na Waarabu, na msomaji wa mashairi ya Kiswahili atalitambua neno hilo, kwani hata sisi tunalitumia tunapozungumzia vina na mizani.

Katika ghazali, mpenzi husifiwa kwa nywele zake, macho yake na kimo chake, lakini aghalabu hana sauti. Anatazamwa na kulalamikiwa, huku mshairi akiwa ndiye anayeungua. Isitoshe, msomaji ana uhuru wa kusema kwamba mpenzi huyo ni Mwenyezi Mungu, na divai na mapenzi ni mafumbo ya kisufi. Mlango huo wa fumbo umewakinga washairi wengi dhidi ya lawama.

Kwa mwanamke, utaratibu huu ulikuwa mtego. Akitunga ghazali kwa kanuni zilizozoeleka, atasikika kama mwanamume. Akijitambulisha kuwa mwanamke anayependa na kutamani, ataonekana amevunja heshima. Mwaka wa 1922, Nima Yushij alitunga shairi refu liitwalo ‘Afsaneh’, ambalo wahakiki wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa ushairi mpya wa Kiajemi. Baadaye alilegeza mizani na kuifanya mishororo iwe mirefu au mifupi kulingana na wazo. Mabadiliko hayo yaliwafungulia njia wanawake waliofuata, ingawa wengine walikuwa wameanza safari yao mapema, ndani ya kanuni za kale.

Vyombo vya nyumbani vyapewa sauti

Alam-Taj Qaem-Maqami, aliyetumia jina la kishairi la Zhaleh, alizaliwa mwaka wa 1883. Aliozwa akiwa msichana kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa miaka mingi, na ndoa hiyo ikavunjika. Mashairi yake aliyaficha. Yalitambulika na kuchapishwa baada ya kifo chake cha mwaka wa 1946, kwa juhudi za mwanawe, Pezhman Bakhtiari, ambaye pia alikuwa mshairi.

Jambo la kushangaza katika mashairi hayo ni wale anaozungumza nao. Zhaleh anakihutubia kioo, anakihutubia chanuo, anaihutubia samovari inayochemsha maji ya chai, anaihutubia cherehani. Mbinu hii tunaiita tashihisi, lakini kwake haikuwa pambo. Mwanamke aliyefungiwa ndani, asiye na mtu wa kumsikiliza, anageukia vitu vilivyomo chumbani. Msomaji haambiwi kwamba huyu ni mpweke. Anamkuta akizungumza na kioo, na upweke wenyewe unamfikia.

Parvin Etesami, aliyezaliwa Tabriz mwaka wa 1907, alitumia mbinu inayofanana kwa lengo tofauti. Alisoma katika shule ya Wamarekani ya wasichana jijini Tehran na kuhitimu mwaka wa 1924. Diwani yake ilichapishwa mwaka wa 1935. Alipendelea majibizano, ambapo vitu viwili hubishana: kitunguu saumu kinakicheka kitunguu maji kwa harufu yake, bila kujua kwamba chenyewe kinanuka. Kwa nje ni mzaha wa jikoni. Kwa ndani ni hukumu dhidi ya wenye kiburi.

Katika shairi lake kuhusu chozi la yatima, mfalme anapita barabarani na mtoto yatima anauliza ni kitu gani kinachong’aa kwenye taji. Kikongwe anamjibu kwamba kito hicho kimetokana na machozi na damu ya watu kama wao. Hasira ya shairi hilo inatokana na mpangilio wa sauti. Swali ni la mtoto asiyejua, jibu ni la mzee aliyeona mengi, naye mfalme hasemi neno.

Parvin alifariki mwaka wa 1941 akiwa na umri wa miaka 34. Hata baada ya kifo chake, walikuwako waliodai kwamba mashairi mazuri kiasi hicho hayangeweza kutungwa na mwanamke. Dai hilo linaonyesha ukubwa wa kizingiti chenyewe: mwanamke akificha jinsia yake husikika kama mwanamume, na akiandika vyema huambiwa kazi si yake.

Forugh Farrokhzad: ‘Mimi’ yenye mwili

Aliyekivunja kizingiti hicho kwa kishindo ni Forugh Farrokhzad, aliyezaliwa Tehran mwezi wa Desemba 1934. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 16, akapata mtoto mmoja wa kiume, kisha akaachana na mumewe. Sheria ya wakati huo ilimpa baba haki ya kumlea mtoto, na Forugh akampoteza mwanawe.

Majina ya diwani zake tatu za kwanza yanatosha kueleza mwelekeo wake: ‘Asir’ (Mateka) ya 1955, ‘Divar’ (Ukuta) ya 1956 na ‘Esian’ (Uasi) ya 1958. Katika ‘Asir’ mna shairi kuhusu pete ya dhahabu. Msichana anauliza siri ya pete, na kila mtu anamwambia ni alama ya heri na uhai. Miaka inapita. Mwanamke yule yule anaitazama pete ile ile na kuona alama ya utumwa. Pete haijabadilika hata chembe, ila macho yanayoitazama yamepitia ndoa. Maana ya shairi inazaliwa katika pengo lililopo kati ya mitazamo hiyo miwili.

Shairi jingine la miaka hiyo, liitwalo ‘Gonah’ (Dhambi), lilizua ghasia kwa kuwa nafsineni wa kike alisimulia mapenzi ya kimwili kwa kauli ya moja kwa moja. Hapa ndipo ulipofungwa ule mlango wa fumbo la kisufi. Hapakuwa na nafasi ya msomaji kusema kwamba mpenzi ni Mungu. Aidha, mwanamume katika shairi hilo ndiye anayetazamwa, naye mwanamke ndiye mtazamaji. Ghazali ilikuwa imegeuzwa juu chini.

Wapo waliomsoma Forugh kama mtu anayeungama mambo yake ya faraghani tu. Kazi zake za baadaye zinapinga usomaji huo. Mwaka wa 1962 alitengeneza filamu fupi ‘Khaneh siah ast’ (Nyumba ni Nyeusi) katika makazi ya wagonjwa wa ukoma karibu na Tabriz, ikatuzwa katika tamasha la filamu la Oberhausen, Ujerumani, mwaka wa 1963. Alimchukua mtoto mmoja kutoka huko na kumlea. Diwani yake ya nne, ‘Tavallodi Digar’ (Kuzaliwa Kwingine), ilitoka mnamo 1964 ikiwa na mishororo huru na lugha ya mazungumzo ya kila siku.

Bustani na dirisha

Mfano bora wa ukomavu wake ni shairi kuhusu bustani ya uani inayokauka, lililomo katika diwani iliyochapishwa mwaka wa 1974, baada ya kifo chake. Bustani inakufa na kila mmoja katika familia ana sababu ya kutoishughulikia. Baba amezama katika vitabu vya historia na mashujaa wa kale. Mama yuko kwenye mkeka wa kuswalia, akiogopa dhambi. Kaka anaiita bustani makaburi. Dada, aliyekuwa rafiki wa maua, sasa anaishi upande wa pili wa mji katika nyumba ambayo kila kitu chake ni cha bandia. Majirani nao wanaficha silaha udongoni.

Nafsineni halii kwa sauti. Anahesabu tu nani anafanya nini. Lakini kufikia mwisho, msomaji ameelewa kwamba bustani hiyo ni nchi nzima, na kwamba anayeionea huruma ni binti ambaye hakuna anayemsikiliza. Jazanda imekomaa polepole kutokana na mambo madogo ya nyumbani. Lau mshairi angetangaza tangu mwanzo kwamba Iran imo hatarini, shairi lingekuwa hotuba.

Dirisha ni taswira nyingine inayorudi mara kwa mara katika kazi za Forugh. Kwa mwanamke wa nyumbani, dirisha ni mahali pa kuiona dunia bila kuifikia. Ni kizuizi na tundu la matumaini kwa wakati mmoja, na hisia za shairi hutegemea upande upi msomaji anaambiwa autazame.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba maneno yetu ‘dirisha’, ‘bustani’ na ‘diwani’ yana asili ya Kiajemi, yakiwa yamefika pwani yetu kupitia biashara ya Bahari ya Hindi na kupitia Kiarabu. Msomaji wa Kiswahili anapokutana na dirisha na bustani katika diwani ya Forugh, tayari amebeba kinywani mwake chembe za lugha yake.

Forugh alifariki katika ajali ya gari jijini Tehran mwezi wa Februari 1967, akiwa na umri wa miaka 32. Baada ya mapinduzi ya 1979, kazi zake zilikabiliwa na marufuku na udhibiti, lakini kaburi lake liliendelea kuwavutia wasomaji.

Simin Behbahani: Sauti ya mtaani katika umbo la kale

Ilhali Forugh aliiacha ghazali, Simin Behbahani aliibakiza na kuibadilisha kutoka ndani. Alizaliwa Tehran mwaka wa 1927, akachapisha kazi yake ya kwanza mwaka wa 1951, na kwa miaka mingi alifundisha katika shule za upili.

Siri yake ilikuwa mizani. Alichukua kifungu cha maneno jinsi watu wanavyokisema barabarani, akakifanya kuwa kipimo cha ubeti, kisha akaendelea na kipimo hicho hadi mwisho. Kwa njia hiyo alibuni makumi ya bahari ambazo washairi waliomtangulia hawakuzitumia au walizitumia kwa nadra. Umbo la ghazali lilibaki, lakini ndani yake waliingia watu ambao ghazali haikuwahi kuwakaribisha: mwanamke wa kabila la wahamaji, mama anayemlilia mwanawe, muuzaji wa barabarani.

Shairi lake kuhusu kijana aliyepoteza mguu katika vita vya Iran na Iraq (1980-1988) ni kielelezo kizuri. Anamwona kijana huyo akipita, mguu mmoja wa suruali ukiwa umekunjwa. Anatamani kumwambia neno la upole kama mama, lakini anapogeuka kijana keshaondoka. Takriri katika shairi hilo, ambayo katika ghazali ya kale ingerudia jina la mpenzi au uzuri wake, inarudia upungufu wa kiungo. Msomaji aliyezoea ghazali anatarajia utamu mwishoni mwa ubeti, na badala yake anakutana na jeraha.

Behbahani aliwahi pia kuihutubia nchi yake katika shairi linaloahidi kuijenga upya hata kama matofali yatatoka katika uhai wake mwenyewe. Ahadi hiyo ina uzito kwa sababu ya anayeitoa. Mjenzi katika tenzi za kishujaa huwa ni mfalme au askari, ilhali hapa ni mwanamke anayezeeka ambaye hana cheo chochote.

Herat: Sindano kama kificho

Nchini Afghanistan, hatari ilikuwa ya aina nyingine. Kundi la Taliban lilipouteka mji wa Herat mwaka wa 1995, shule za wasichana zilifungwa. Wanawake walibuni darasa la siri lililojulikana kama Sindano ya Dhahabu. Walifika mara tatu kwa wiki wakiwa wamebeba vitambaa na nyuzi kana kwamba wanakwenda kushona. Chini ya vitambaa mlikuwa na madaftari, na mhadhiri wa chuo kikuu aliwafundisha fasihi huku watoto wakicheza nje na kulinda.

Miongoni mwao alikuwa Nadia Anjuman, aliyezaliwa mwaka wa 1980. Baada ya utawala wa Taliban kuanguka mwaka wa 2001 alijiunga na Chuo Kikuu cha Herat, na mwaka wa 2005 akachapisha diwani ‘Gol-e Dudi’ (Ua la Moshi). Mashairi yake yanarudia taswira za ndege aliyefungwa mabawa na kinywa kilichozibwa. Katika ghazali ya kale, ndege ndani ya tundu ni fumbo la roho. Kwa binti aliyejifunza ushairi kwa kujifanya anashona, tundu lilikuwa na kuta, mlango na mlinzi. Taswira ile ile ya kale imejaa maana mpya kwa sababu ya maisha ya aliyeishika.

Mwezi wa Novemba 2005, Nadia alifariki baada ya kupigwa nyumbani kwake. Mumewe alikamatwa. Taliban walirejea mamlakani mwezi wa Agosti 2021, na wasichana wakazuiwa tena kusoma shule za upili.

Gharama ya kusema

Visa hivi vinabainisha kwamba swali la nani anasema ‘mimi’ katika shairi halijawahi kuwa la kitaaluma tu. Mwezi wa Machi 2010, Simin Behbahani, akiwa na umri wa miaka 82 na karibu kupofuka, alizuiwa kupanda ndege ya kwenda Paris kuhudhuria hafla ya Siku ya Kimataifa ya Wanawake, na pasipoti yake ikachukuliwa. Aliaga dunia mwezi wa Agosti 2014.

Mwaka wa 2015, mshairi Fatemeh Ekhtesari, ambaye naye aliifanyia ghazali majaribio mapya, alihukumiwa kifungo cha miaka 11 na nusu na viboko 99. Viboko hivyo vilihusiana na shtaka la kuwasalimu kwa mikono wanaume wasio jamaa zake. Aliitoroka Iran na kupata hifadhi nchini Norway.

Kufuatia kifo cha Mahsa Amini akiwa kizuizini mwezi wa Septemba 2022, waandamanaji nchini Iran walipaza sauti kwa maneno matatu: ‘Zan, Zendegi, Azadi’, yaani Mwanamke, Uhai, Uhuru. Kaulimbiu hiyo ilianzia kwa Wakurdi. Haina kitenzi wala kiwakilishi, na kile ambacho sarufi ya Kiajemi ilikificha, yaani jinsia ya anayenena, kimekuwa neno la kwanza.

Mwongozo kwa msomaji

Anayetaka kuyasoma mashairi haya, hata katika tafsiri, anaweza kuongozwa na maswali matatu. Kwanza, je, ni kitu gani cha kawaida kilichowekwa katikati ya shairi, na kimebadilika vipi kufikia mwisho? Pili, je, nani anazungumza, nani anazungumziwa, na nani amenyamaza? Tatu, je, taswira hiyo ilikuwa na maana gani katika ushairi wa kale, na mshairi ameipotoshaje kwa makusudi?

Tafsiri hupoteza vina na mizani, na kwa Behbahani hasara hiyo ni kubwa kuliko kwa Forugh. Zaidi ya hayo, mfasiri wa Kiingereza au Kifaransa hulazimika mara nyingi kuchagua jinsia pale ambapo Kiajemi kimenyamaza. Mfasiri wa Kiswahili halazimiki. ‘Yeye’ inatosha, na kazi ya kumtambua anayenena inabaki kwa kioo, pete na sindano, kama mshairi alivyokusudia.

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Wanawake hawa walikataa kungoja wazikwe ndipo waijue adhabu yao. Waliisimulia wangali hai, wakiwa wamekaa dirishani.